Hiari ya Saa Nne Kamili

Jumatatu, 3 Machi
Ngaaa. Bado naisikia. Ni ringi ya gari inayogongwa na Mama Kengele, jirani mwenye chekechea ya kukaririsha. Ilipolia saa mbili, watoto wangu sita waliacha kila kitu wakapanga mstari. Shuleni kwangu! Ambako hakuna mstari, hakuna kengele, na kila mtoto huchagua kazi aipendayo. Nilieleza haya yote kwa wazazi, kurasa kumi na nne. Shangazi, mwenye sebule hii ninayofundishia, amesema mtoto mmoja tu akihama, makochi yake yanarudi ndani.

Jumatano, 5 Machi
Jumamosi wazazi wanakuja kuona watoto wakichagua kwa hiari. Leo nimefanya majaribio. Watano wamechagua kulala chini ya meza. Wa sita, Kijino, amechagua kwenda kwa Mama Kengele. Nimemfuata. Mama Kengele kaniuliza kwa upole kama nina hakika nilisomea watoto, si kuku.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa. Kila mtoto nimempa kitu cha kuchagua kwa hiari. Mrefu, kufunga vifungo. Kijino, kumimina maji kikombeni. Tumerudia mara kumi na moja. Anayechagua kingine anaanza upya. Shangazi, ufagio mkononi, kauliza hiyo hiari na amri zinatofautiana wapi. Nikamjibu kwamba hata hiari hufundishwa. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne kasoro dakika tano. Wazazi wameketi, watoto wamesimama kama nguzo. Nikasema kwa sauti laini, chagueni. Mrefu akafunga vifungo. Vya shati la baba yake. Kijino akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiari yangu ni sasa au baada ya Mrefu kumaliza?" Mama yake akashika mkoba. Kisha, saa nne kamili, hata Jumamosi, ng'ambo ya ukuta: ngaaa. Mstari. Wakatoka wote sita, wazazi nyuma yao.

Jumapili, 9 Machi
Wanne wamehamia kwa jirani. Kochi moja limesharudi. Mengine yanangoja asubuhi. Nimetafakari sana. Falsafa yangu haina kasoro. Watoto hawakujua tu uhuru unaanza saa ngapi. Kwa hiyo jana jioni nilikwenda kwa fundi wa malori, nikachukua ringi kubwa mara mbili ya ile ya jirani. Nimeshaitundika, nje ya dirisha la shangazi. Kesho nikiigonga, kila mtu yuko huru.