Mafunzo ya Mteja Bora

Chama cha Mawakili kilitangaza, kwa fahari na kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba tatizo sugu la wateja kuwalalamikia mawakili wao limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kamati maalumu ilikuwa imeyapitia malalamiko yote kwa jicho la kitaalamu. Wateja walisema mawakili hawapokei simu, hawatokei mahakamani, wakiulizwa hawajibu, na wakijibu hawaeleweki. Kamati ikagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuligundua: katika malalamiko yote hayo, aliyelalamika alikuwa mteja. Hakuna hata wakili mmoja aliyelalamika. Kwa hiyo tatizo lilikuwa wateja, na dawa yao ni kufundishwa.

Mama Sponji alipata mwaliko wa lazima, kwa kuwa aliwahi kulalamika. Yeye ni fundi wa makochi, mama wa makamo ambaye saa za kazi huongea na misumari midogo mdomoni na bado unamwelewa. Karakana yake aliachiwa na shangazi yake, aliyemfundisha kazi hiyo tangu akiwa msichana. Iko kando ya barabara, na nyuma yake limeota jengo la vioo la ofisi za mawakili. Mwenye jengo alihitaji mahali pa kuegeshea magari. Akachungulia dirishani, akaiona karakana, akafungua kesi kudai kwamba imesimama ndani ya kiwanja chake.

Mwenye jengo huyo ndiye Mwenyekiti wa Chama cha Mawakili. Ndiye pia aliyeongoza kamati, na ndiye mkufunzi mkuu wa mafunzo. Mtu anayebeba mizigo yote hiyo peke yake ni wa kuonewa huruma.

Mama Sponji alikuwa anaogopa, na hakuwa anaficha. Karakana ile ndiyo iliyowalea watoto wake, na hakuwa na pengine pa kwenda na mashine zake. Ndiyo maana alitafuta wakili. Akampata mmoja anayejulikana mjini kote kwa jina la Niko Njiani, maana hilo ndilo jibu lake siku anapobahatika kupokea simu. Kila tarehe ya kesi Mama Sponji alivaa gauni lake la heshima, akafunga karakana, akaenda kukaa kwenye benchi la mahakama. Kila tarehe Niko Njiani alikuwa njiani. Njia yenyewe ilianzia wapi, hakuna aliyejua.

Siku ya mafunzo alisindikizwa na wifi yake, muuza viatu vya mitumba, mwanamke asiyekubali kupigwa chenga. Ukumbi ulijaa wateja wakorofi wa kila aina. Mwenyekiti alipanda jukwaani, akatabasamu kwa mujibu wa ratiba.

"Ndugu wateja," alisema, "Mteja Bora hampigii wakili wake simu. Wakili akitaka kuzungumza na wewe, anajua pa kukupata."

"Na asipotaka?" akauliza wifi.

"Basi hakuna cha kuzungumza, dada yangu."

Watu wakaandika.

"Mteja Bora haulizi kesi imefika wapi. Kesi si basi. Kesi haifiki, kesi ipo. Na muhimu kuliko yote, Mteja Bora haongei mahakamani. Ukiongea wakili wako akiwepo, umemdhalilisha. Ukiongea akiwa hayupo, umemdhalilisha zaidi, maana hayupo hata kujitetea."

Likafuata zoezi la vitendo, yaani kusubiri. Washiriki walitakiwa kukaa kimya wakiwa na sura ya matumaini, wakati mkufunzi amekwenda kunywa chai. Wengine walishindwa mapema, wakaanza kukohoa kwa hasira. Mama Sponji alifaulu vizuri, ingawa vidole vyake vilikuwa vinabonyeza kiti alichokalia, na kichwani alikuwa ameshakifumua na kukishona upya.

Mwenyekiti aliporudi akifuta midomo, Mama Sponji alinyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi nina kesi na wewe."

"Naifahamu, mama. Lakini humu ndani sikudai kitu, humu mimi ni mkufunzi wako. Shida ni nini?"

"Wakili wangu hatokei."

"Vumilia. Mimi mwenyewe, kwa kuwa napenda haki, sikutaka kujisimamia. Nimemkabidhi kesi Wakili Mwandamizi, na ni mkubwa kiasi kwamba tangu nimkabidhi sijamtia machoni. Umenisikia nikilalamika?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi huo ndio ukomavu."

Ukumbi ukapiga makofi. Wifi hakupiga. Walipotoka nje akamshika Mama Sponji mkono, akamwambia, "Wifi yangu, huyu mtu anakuvua nguo huku anakusifia kitambaa." Mama Sponji alitaka kucheka, lakini hofu ilimtangulia. Kesi ilikuwa inakuja, na safari hii Mwenyekiti alikuwa ameshanunua rangi nyeupe ya kuchorea mistari ya magari.

Hapa inabidi kueleza desturi moja nzuri ya mawakili, nayo ni kushikiana. Wakili asiyeweza kufika mahakamani humwomba mwenzake amshikie kesi, yaani asimame badala yake na kuomba iahirishwe. Ni udugu wa kupigiwa mfano. Desturi hiyo ilikua, ikanenepa, mpaka ikamzaa Wakili Kiraka, ambaye hana kesi yake hata moja. Anawashikia wenzake tu kuanzia asubuhi, chumba hiki hadi kile, jasho likimtiririka ndani ya joho, maagizo yote yakiwa kwenye simu yake.

Siku ya kesi, Mwenyekiti alifika mwenyewe, amependeza, akakaa mbele. Mama Sponji na wifi yake wakakaa nyuma. Hakimu, mama mwenye miwani mizito na subira iliyobaki kidogo, alianza kwa kutangaza kwamba umetoka waraka mpya: kesi haitaahirishwa tena mpaka pande zote mbili zikubaliane. Karani akaita kesi ya karakana. Wakili Kiraka akainuka, upande wa kulia.

"Mheshimiwa, namshikia Wakili Mwandamizi, kwa upande wa mlalamikaji."

"Na upande wa mlalamikiwa?"

Kiraka akatazama upande wa kushoto. Kiti kilikuwa kitupu. Akatazama simu yake, akaisoma mara ya pili, akakusanya joho lake na kuhamia kushoto. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mheshimiwa, namshikia mwenzangu aliye njiani."

Hakimu akavua miwani. "Unashika pande zote mbili?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na maagizo ya kila upande ninayo kamili."

"Huoni kwamba hapo kuna mgongano?"

"Hakuna, mheshimiwa. Tunaheshimiana sana."

Hakimu akafungua kitabu cha sheria. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Hakuona kifungu kinachomkataza mtu kutofautiana na nafsi yake. Akaamuru waendelee.

Kiraka akarudi kulia, akaomba kesi iahirishwe. Aliomba kwa unyenyekevu wa hali ya juu, akagusia udhuru mzito wa Wakili Mwandamizi, afya yake, hali ya hewa na maslahi ya haki. Mwenyekiti akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Kiraka akavuka kwenda kushoto, akasoma maagizo ya Niko Njiani, ambayo yalikuwa mafupi: wakiomba chochote, pinga kwa nguvu zote. Kiraka ni mtu wa maadili. Agizo la mwenzake hajawahi kulitia maji.

"Mheshimiwa, nimeshangazwa na mwenzangu!" alinguruma. "Ombi lake halina kichwa wala miguu! Mteja wangu ni mama mchapakazi. Kila tarehe anafunga karakana, anakuja kukaa kwenye benchi lile gumu, na kila tarehe mwenzangu anakuja mikono mitupu. Faili liko wapi? Shahidi yuko wapi? Hiyo ramani ya kiwanja tunayosimuliwa kila siku, nani amewahi kuiona? Anadhani huyu mama hana kazi ya kufanya?"

Mama Sponji alihisi machozi yakimlenga. Tangu kesi ianze, hakuna mtu aliyewahi kusimama akamsemea neno hata moja. Wifi akamminya goti, naye akamminya wifi.

"Upande wa mlalamikaji, una la kujibu?" hakimu akauliza.

Kiraka akavuka tena, mnyonge. "Mheshimiwa, nimeumizwa na maneno ya mwenzangu. Ila lazima niwe mkweli. Sina la kujibu."

"Kwa hiyo hamjakubaliana kuahirisha."

"Tumeshindwa kabisa kuelewana, mheshimiwa."

"Basi leta ushahidi wako tuendelee."

Kiraka akapapasa mifuko ya joho, akatoa leso. Hapo Mwenyekiti akashindwa kujizuia, akaruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia sindano.

"Mheshimiwa hakimu, naomba niseme!"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mlalamikaji!"

"Una wakili?"

"Ninaye, lakini hajatokea! Hapokei simu! Sijui hata yuko wapi!"

"Mzee, wakili wako huyu hapa, na amekuombea vizuri tu. Keti, usimdhalilishe."

"Lakini huyu ndiye aliyenipinga!"

"Aliyekupinga," alisema hakimu akivaa miwani, "alikuwa upande ule."

Kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi, na hakimu akaagiza karakana isiguswe. Kiraka akaupa mkono wake wa kushoto mkono wa kulia, akajipongeza kwa kiasi, akajipa pole kwa kiasi, kisha akakimbilia chumba cha pili alikokuwa anasubiriwa.

Kwenye korido watu walipisha kidogo, maana Mwenyekiti alikuwa anapiga simu huku akifoka. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akamtumia Wakili Mwandamizi ujumbe, akausubiri ujibiwe, sura yake ikipoteza matumaini mbele ya umma. Hatimaye akalegeza tai, akawasogelea wanawake wale wawili, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huyo wakili wako ni mtu hatari. Miaka yangu yote kwenye kazi hii sijaona utetezi mkali namna ile, na wala hakutia mguu mlangoni. Nakata rufaa, na namtaka yeye."

"Rufaa dhidi ya nani?" wifi akauliza. "Si dhidi ya mteja wake huyu?"

"Atapata wa kumshikia upande mmoja."

Wifi aliangua kicheko mpaka akajishikilia ukutani. Mama Sponji hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa simu, akamsomea Mwenyekiti namba ya Niko Njiani taratibu, naye akaiandika kiganjani kwa heshima zote.

"Ila hapokei, mheshimiwa," Mama Sponji alisema.

"Nitapiga mpaka apokee."

"Sawa. Basi ukimpata, naomba umwambie tumeshinda."