Habari za Twalha Mpunguzaji na Kukombolewa kwa Chumba cha Warda

Nyamazeni kidogo, enyi wa Kibiti na vitongoji vyake! Zimeni pikipiki zenu, enyi vijana wa kituoni; nanyi mnaoyakimbilia mabasi na sinia za korosho, tueni sinia chini, kwani basi litakuja jingine, lakini habari hii haitapita tena barabarani. Nitawasimulia vita. Si vita vya mikuki wala vya bunduki, bali vita vya mtu mmoja na amplifaya tano, vilivyopiganwa ndani ya chumba chenye dirisha moja. Mto Rufiji wenyewe, ulioona mengi, haukupata kuona mfano wake, kwa sababu mto uko mbali na nyumba ile na siku hiyo ulikuwa na shughuli zake.

Namwomba Mola anipe wino usiokauka na ulimi usioteleza, na umeme usikatike kabla sijafika mwisho. Maana vitabu vya historia tulivyosomeshwa vimejaa majina ya watu walioingia katika nyumba za wenzao wakatwaa. Sijaona hata kimoja chenye jina la mtu aliyetoa vitu vyake mwenyewe chumbani ili mwingine apate pa kulala. Pengo hilo naliziba leo.

Shujaa wetu ni Twalha bin Huseni, mpiga gitaa la solo wa zamani, fundi redio wa sasa, mwenye vidole vyepesi na mgongo mzito. Bendi yake ilipovunjika, wenzake waligawana nauli. Yeye akachukua amplifaya. Na tangu siku hiyo kila amplifaya iliyozeeka kati ya Ikwiriri na Kibiti iliijua njia ya kufika kwake, kama paka wanavyoijua nyumba ya anayekaanga samaki. Wala hazikuwa hizi nyepesi za siku hizi. Zilikuwa zile za kale, zenye taa za kioo tumboni, ambazo ukiziwasha hazisemi mara moja, bali hujipasha moto kwanza, kama babu anayeamshwa kula daku.

Nawataja kwa majina, ili wasisahauliwe. Alikuwapo Kabati, mngurumaji wa besi, aliyeingia chumbani kwa kung'olewa fremu ya mlango. Alikuwapo Bibi Kohozi, aliyekohoa kabla ya kila wimbo, na pengine badala ya wimbo. Alikuwapo Mwangwi, mwenye springi ndani, ambaye ukimpiga teke huunguruma kama radi iliyofungiwa ndani ya debe. Alikuwapo Mnong'ono, mdogo wao, wa kubebwa kwapani. Na juu yao wote alikuwapo Sultani, mwenye kitambaa cha kijivu usoni na alama ya sigara kichwani, aliyekuwa jukwaani usiku ule Twalha alipomwona Mwamini kwa mara ya kwanza, amesimama mbele ya spika tangu wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho.

"Nilikuwa namtafuta kaka yangu," ndivyo Mwamini alivyosema usiku ule, na ndivyo anavyosema kila anapoulizwa, miaka yote ya ndoa yao.

Huyu Mwamini ndiye aliyetangaza vita. Asubuhi moja simu ililia kutoka Dar es Salaam: binti yao Warda, mwenye mimba ya kwanza, anarudi kwao kujifungua, kama ilivyo desturi, na Ijumaa atakuwa amefika. Mwamini akaweka simu chini, akaenda hadi kwenye mlango wa chumba, akaviringisha kanga kiunoni, akahutubia.

"Baba Warda! Mwanangu anakuja kuzaa. Mzazi anahitaji kitanda, anahitaji pa kukandwa maji ya moto, anahitaji hewa. Sasa nieleze, mjukuu wangu nimlaze juu ya Kabati, au nimfunge kwenye waya wa Bibi Kohozi?"

Twalha akajinyoosha, akaweka mkono kifuani, akanena: "Ee Mama Warda, malkia wa jiko na mlezi wa kuku! Hawa si vyuma. Hawa ni mashahidi wa ujana wangu. Nikiwatupa, nani atathibitisha kwamba nilikuwa kijana?"

"Nitathibitisha mimi. Nilikuwapo."

"Ukimtafuta kaka yako."

"Nikimtafuta kaka yangu," alisema Mwamini bila kupepesa. "Ijumaa nataka chumba kitupu. Usipokitoa wewe, nampigia simu yule wa vyuma chakavu, aje na mizani na nyundo yake."

Neno nyundo lilimwingia shujaa kama mkuki. Kwani wa vyuma chakavu hana habari na sauti. Anataka shaba tu, na huipata kwa kupasua. Twalha akaapa kwamba hata mmoja wa askari wake hatakufa kwa nyundo. Wataondoka wakiwa wazima, mikononi mwa watu watakaowawasha.

Basi akaupanga msafara wa kwanza. Fremu ya mlango iking'olewa tena, Kabati alitolewa kwa vilio na misumari, Bibi Kohozi akafuata, wakapakiwa kwenye guta, pikipiki ile ya magurudumu matatu, na msafara ukashika lami kuelekea Ikwiriri. Huko, karibu na stendi ya mabasi, anakaa Hemedy, mpiga besi wa bendi ile ile, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimtamani Kabati kama mfungaji anavyoitamani magharibi.

Walikumbatiana. Waliulizana hali za watoto, za mpunga, za magoti. Kisha wakaketi kujadiliana kama wafalme wawili wanaogawana nchi, na yakatimia mapatano ya busara kubwa: amplifaya mbili za Twalha kwa beseni moja la bati la Hemedy, pana na jipya, la kumkandia mzazi na kumwogeshea mtoto. Mbili kutoka, beseni kuingia. Hakuna jemadari aliyewahi kupunguza jeshi kwa hesabu safi namna ile.

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo shujaa alipojikwaa. Maana mtu wa kwetu, akishamaliza biashara yoyote, iwe ya ufuta, iwe ya dagaa, iwe ya fungu la nyanya, mdomo wake humaliza kazi peke yake bila kumwuliza mwenyewe. Twalha akalikumbatia beseni, akasimama aondoke, na mdomo ukatamka:

"Na nyongeza yangu?"

Nyuma ya pazia, Sabra, mke wa Hemedy, aliacha kuchambua mchele.

"Umesema nyongeza, shemeji?" aliuliza kwa sauti tamu mno.

"Ni mazoea tu, shemeji, sikuwa na..."

"Aka! Mgeni aombe nyongeza nyumbani kwangu nimnyime? Watu watasemaje? Hemedy, fungua stoo." Kisha akamgeukia mumewe kwa sauti nyingine, isiyo tamu. "Nilikwambia, zikiingia mbili, mbili zitoke. Mungu ameleta dawa na mwenye kuinywa."

Akatolewa Tembo, amplifaya aliyetisha hata kwa kivuli chake. Twalha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Hemedy, swahiba, huyu ni mkubwa kuliko niliyemleta!"

"Nyongeza hairudishwi," alisema Hemedy, akiangalia chini kwa haya, huku mikono yake ikimsukuma Tembo mlangoni. "Anayeirudisha amerudisha baraka. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Na huyu," akadakia Sabra, akimburuta mwingine mnene mfupi aliyeitwa Ndama, "ni wa wifi yangu Mwamini. Mwambie Sabra amemkumbuka. Usimnyime mke wako zawadi yake, shemeji, ni dhambi."

Hivyo ndivyo Twalha alivyorejea Kibiti: alitoka na mbili, akarudi na mbili, na beseni juu. Mwamini alikuwa amesimama barazani. Aliutazama msafara ukishuka, akahesabu kwa macho.

"Ulikwenda kupunguza," alisema.

"Nimeleta beseni," alijibu shujaa kwa unyonge.

"Naliona. Limekaa juu ya tembo."

"Huyu mdogo ni zawadi yako. Kutoka kwa Sabra."

Mwamini aliingia ndani, akatoka na simu mkononi, akaiweka juu ya ukingo wa baraza, na kioo chake kikionyesha namba ya yule wa vyuma chakavu. Haikuwa imepigwa. Ilikuwa imewekwa tu pale, kama panga linalowekwa mezani.

Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Twalha aliketi chini kati ya mashujaa wake, akamwekea Sultani mkono begani. Aliwaza juu ya nyundo. Aliwaza juu ya binti yake akishuka kwenye basi, miguu imevimba, akikuta Tembo kitandani. Na tuseme ukweli, hili la pili ndilo lililomuuma zaidi. Kwani mtu anaweza kupenda vitu vyake mpaka vikamjaa nyumbani, lakini aliye na moyo hujua ni nani anayelala nje vinapojaa. Akainama. Na alipokuwa ameinama hivyo, fikra ikamjia taratibu, kwa kujipasha moto kwanza, kisha ikawaka. Silaha iliyomwangusha Ikwiriri ilikuwa ingali mkononi mwake.

Kabla ya alasiri akatokea Swalehe wa Kiongoroni, kutoka kule delta, ambako watu huenda kwa boti na nyumba zimepakana na mikoko. Alikuwa amekuja na guta la kukodi kuuza kamba wakavu na mikeka anayosuka mkewe, naye alisimama kwa Twalha akiwa na ombi dogo.

"Mzee Twalha, madrasa yetu imepata jenereta," alisema. "Vijana wana kaswida ya Maulidi, lakini sauti haifiki hata kisimani. Nimeambiwa unazo mashine. Mimi natafuta moja tu. Ndogo."

Twalha akainuka kama simba aliyesikia jina lake. Akamleta Mnong'ono. Swalehe akafungua mzigo, akatandaza mkeka wa ukindu, mwekundu na zambarau, mpana kiasi cha mzazi kulala na mtoto wake na nafasi ikabaki.

"Huu kwa hiyo," alisema Swalehe.

"Huu kwa hiyo," alisema Twalha.

Wakapeana mikono. Kisha Swalehe, mtoto wa watu, mwana wa pwani, asiyejua lililo mbele yake, akamkumbatia Mnong'ono na kufungua mdomo.

"Na nyongeza je, mzee?"

Allahu akbar! Laiti mngekuwapo mkaona uso wa Twalha! Akapiga makofi mara moja. "Mama Warda! Fungua milango!"

Akatoka Mwangwi. "Nyongeza yako."

"Shukrani, mzee, umezidi..."

Akatoka Ndama. "Ya vijana wa kaswida."

"Mzee Twalha, ngoja kwanza..."

Akatoka Tembo, akisukumwa na Twalha mbele na Mwamini nyuma, na kanga yake ikiwa imefungwa kama ya mtu anayekwenda kulima. "Ya mwalimu wa madrasa."

Swalehe akatazama kushoto na kulia, lakini mtaa mzima ulikuwa umeshajaa barazani, na hakuna mtu wa pwani aliyewahi kukataa nyongeza mbele ya watu. "Lakini hizi zimepiga dansi maisha yao yote!" alijitetea.

"Basi ni wakati wao wa kutubu," alisema Twalha. "Ningekwenda nikatubu nao, lakini guta limejaa."

Watu wakacheka, Swalehe naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Kamba zikakazwa. Ndipo Twalha akarudi chumbani peke yake, akatoka amembeba Sultani kifuani. Hakusema ni ya nani. Alimweka juu ya mzigo, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanzu, akageukia ukutani, akawa anautazama ukuta kwa makini sana, kama mtu anayetafuta ufa.

Guta likawashwa.

"Bwana Swalehe, subiri," alisema Mwamini. "Mimi sijapata nyongeza yangu."

"Yako, dada? Kwa biashara ipi?"

"Mashine zote hizi nimezifuta vumbi, nimezihamisha mvua ilipovuja, nimezigonga kwa vidole vya miguu gizani. Hiyo si kazi? Nipe ile ya juu."

Swalehe alimshusha Sultani kabla hajamaliza kusema, kwa haraka ya mtu anayeogopa wenzake wasibadili nia.

"Itakaa ukumbini, si chumbani," Mwamini alimwambia mumewe, ambaye bado alikuwa anautazama ukuta. "Na hadi arobaini ya mzazi iishe, hakuna kuiwasha."

"Mama Warda," alisema Twalha, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kuliko ya Bibi Kohozi. "Ya nini kwako?"

Mwamini aliichukua simu pale barazani, akaifuta ile namba, akaiweka kifuani.

"Kaka yangu usiku ule alikuwa amelala nyumbani," alisema. "Haya, lete fagio."

Ijumaa, baada ya sala, Warda akashuka kwenye basi. Alikuta chumba kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, beseni liko pembeni, na mkeka wa ukindu sakafuni, ukiwa na nafasi pande zote. Aliketi, akanyoosha miguu yake iliyovimba mpaka ikanyooka yote, akatazama kuta zilizo tupu.

"Baba, ziko wapi zile mashine?"

"Zimekwenda Ikwiriri na Kiongoroni."

"Nawe umepata nini?"

"Hapo ulipokaa," alisema Twalha.

Basi iandikwe, na wasomao wasome: siku ile kilichokombolewa si mji wala ngome, bali chumba kimoja chenye dirisha moja, bila tone la damu na bila pigo la nyundo, na Twalha bin Huseni tangu hapo anaitwa Mpunguzaji, cheo ambacho masultani wote wa kale hawakukipata. Na nyinyi mnaoishukia delta, sikieni onyo la mwandishi: Swalehe naye ana mke, na nyumba yake si kubwa. Ukinunua nazi Kiongoroni, hata nazi moja, lipa, chukua, uage. Usiulize nyongeza.