Lango Langu, Tamthilia Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe! Mtayarishaji alikuwa anaongea kwenye simu nyuma ya gari la taa. Anasema tamthilia yetu, Jumba la Warithi, itazaa. Mhusika mmoja atachomolewa humo apewe tamthilia yake: maisha mapya, sehemu mpya. Mtu wa chini, alisema, anayependwa na watazamaji.

Nani wa chini kuliko mimi? Mimi ndiye bawabu. Misimu yote hii nafungua lango, nasema "Karibu, bosi," nafunga lango. Bila mimi hakuna mrithi ambaye angeingia kurithi.

Mke wangu anashona sare za shule. Ameniuliza, pini mdomoni, kama jina langu lilitajwa. Nimemwambia mambo makubwa hayatajwi. Yanadokezwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kazi. Tamthilia yangu itahitaji mtu mwenye historia, kwa hiyo leo nimefungua lango kama mtu mwenye historia. Nimeshika komeo, nikatazama mbali, nikashusha pumzi. Tajiri, mwenye jumba, akapiga honi. Nikashusha pumzi nyingine. Mwongozaji akapiga kelele, kata! Akauliza kama naumwa. Akasema bawabu hana historia, ana komeo. Tukarudia, tukarudia. Mwisho lango lenyewe, mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya chuma, likabaki mkononi mwangu.

Bi Mwiko amecheka hadi kofia ya upishi ikamdondoka. Huyu ndiye mpishi wa jumba. Tunagombania kioo kimoja chumba cha kuvalia tangu tulipoanza, na uso wake mpana unakimaliza chote. Sikumjibu. Nyota hajibizani na wapishi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata njia! Nimemkalisha mwandishi wetu kantini, nikamletea chai. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiye na lake, mhusika anatokaje kwenye tamthilia mama akaenda kwenye yake. Akasema lazima kwanza aondoke kule alikozoeleka. Hawezi kuwa huku na huku.

Basi! Nimemwomba aniondoe. Amenitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kumbe ameagizwa apunguze wahusika na hakujua aanze na nani. Mambo yanajipanga yenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimefukuzwa! Lo, raha iliyoje! Tajiri kanikuta nimesinzia langoni, kazi ikaishia hapo. Niliagizwa nitoke kimya kimya. Nimetoka nalia machozi ya kweli, nimelikumbatia lango (taratibu, maana gundi bado mbichi). Mpiga picha kafuta jicho. Anadai ni vumbi.

Bi Mwiko hakucheka. Kanishika bega, kasema pole sana, baba. Wivu huo.

Jumamosi, 15 Machi

Kuondoka kwangu kumeoneshwa. Mama mkwe, tunayeishi naye na asiyekosa hata kipindi kimoja, kalia hadi mtandio ukalowa. Kisha kaniuliza sasa tutaishije. Nimemwambia, mama, subiri.

Hakusubiri sana. Tangazo likaja: tamthilia mpya, imetoka ndani ya Jumba la Warithi, inaitwa Jiko Jipya. Bi Mwiko kaacha kazi kwa tajiri, anafungua mgahawa wake. Uso wake umejaa skrini nzima.

Nimezima televisheni. Mama mkwe kaiwasha. Mke wangu kachukua futi yake ya kupimia, na hilo ndilo lililoniuma. Kaenda kwa jirani kuuliza kama ana nguo za kushonewa.

Jumatano, 19 Machi

Fedheha. Jumba lina bawabu mpya, mtu mrefu mwenye meno mengi. Mama mkwe anasema anafungua lango vizuri kuliko mimi.

Mtunza mavazi kapiga simu, anadai sare. Nimesema nitaileta kesho mwenyewe. Kesho wanarekodi Jiko Jipya! Nitapita nje ya dirisha la mgahawa nikiwa nimeivaa, kifua mbele. Kamera itaninasa nyuma ya Bi Mwiko. Watu wataulizana, si yule? Nchi itasimama.

Alhamisi, 20 Machi

Leo naandika hata viatu sijavua.

Nilipofika, mtayarishaji alikuwa amehamaki. Yule tajiri kagoma kuja kuonekana mgahawani. Nyota wa kiwango chake, kasema, haendi kwa mpishi wake. Sasa watazamaji watajuaje huyu ni Bi Mwiko wao, si mwanamke mwingine tu mwenye sufuria?

Nikapita dirishani. Kamera ilikuwa imegeukia meza. Nikapita tena. Mtu kavuta pazia. Mara ya tatu waya ukanikamata mguu, nikadaka mlango nisianguke, mlango ukafunguka, mteja wa kuigiza alikuwa ndio anaingia, na mdomo wangu, wenyewe, bila ruhusa:

"Karibu, bosi."

Kamera inaendelea. Mwongozaji akafungua kinywa. Bi Mwiko akamwahi. Aliweka upawa chini, akaja hadi mlangoni, akanitazama kutoka kofia hadi kiatu.

"Hata wewe wamekufukuza?"

"Hata mimi, Bi Mwiko."

"Umekula?"

"Sijala."

"Ingia ndani. Hapa hakuna tajiri."

Hakuna aliyeandika maneno hayo! Kanivutia kiti mwenyewe. Nikala chakula cha kuigizia, kimelala tangu jana, machozi yakanitoka, na safari hii sikuyaita. Mwongozaji alisahau kusema kata.

Mtayarishaji kaniajiri pale pale: bawabu wa mgahawa, kila kipindi. Mimi ndiye kamba inayofunga tamthilia mbili! Nimemshukuru Bi Mwiko. Kaniambia niache upuuzi, nikavue sare ipigwe pasi.

Bila shaka nilikuwa nimepanga yote.

Jumamosi, 29 Machi

Sebule imejaa majirani, wengine wamekaa sakafuni. Nilipotokea kwenye skrini, mlangoni mwa mgahawa, wamepiga kelele hadi hatukusikia maneno. Mama mkwe kaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu harusi. Mke wangu kasimama mbele ya wote, kanionesha kwa mkasi, kasema huyo ni mume wangu. Kisha kajifanya anatafuta uzi.

Sijawahi kuwa mrefu namna hii.

Jumatatu, 31 Machi

Sikulala vizuri kwa kuwaza. Zile kelele zilikuwa za nani? Zangu. Ikiwa tamthilia inaweza kuzaa tamthilia, kwa nini mtoto naye asizae? Bawabu peke yake, mjini, mwenye historia!

Asubuhi nimemfuata mwandishi kantini. Nimemwomba aandike Bi Mwiko ananifukuza mgahawani, mapema iwezekanavyo.

Amekubali papo hapo, hata chai hakumaliza. Mtu akikubali haraka hivyo, ujue naye ameona mbali.