Nilivyoharakisha Mirathi ya Baba

Jumatatu, 4 Machi. Miaka sita na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani.

Baba alizikwa mwezi wa kumi na moja. Sikuwepo. Siku ile nilipakia saruji magari manne huku ghalani, ugenini, nikamwambia nyapara kuwa vumbi limeniingia machoni. Akasema basi nivae miwani.

Leo kaka kapiga simu. Mahakama imebandika tangazo la mirathi: mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku tisini. Zimebaki thelathini na nane. Zikiisha, kaka anathibitishwa kuwa msimamizi, benki inafungua akaunti ya Baba, na fungu langu ndilo nauli yangu ya kurudi. Mama kaniomba nivumilie, eti mvumilivu hula mbivu. Siku thelathini na nane! Mama ana miaka sabini na sita. Mbivu nazo huoza.

Alhamisi, 7 Machi.

Nimemuuliza Wakili. Si wakili. Ni mwenzangu wa kitanda cha chini, ila aliwahi kufagia mahakama miaka miwili, na sasa haitikii jina lingine. Kasema anayenyamaza husahauliwa. Aliona kwa macho yake: mwenye pingamizi huitwa kwanza, kwa jina, na kiti anapewa. Nikauliza nimpinge nani, na kaka kaniandika wa pili kwenye orodha ya warithi, baada ya Mama? Kasema pinga tu, sababu zitafuata.

Nimeandika barua kwa mkono wangu: mimi mtoto halali napinga. Karani wa ghala kaipiga picha, kaituma mahakamani kwa kompyuta ya ofisi. Nimerudi kitandani kifua mbele.

Jumatano, 20 Machi.

Nimeitwa kwa jina! Wakili hakudanganya. Mahakama imejibu: mirathi yote imesimama mpaka pingamizi lisikilizwe, mwezi wa tisa. Mpingaji afike mwenyewe.

Nauli ya kufika imo ndani ya mirathi. Mirathi inanisubiri nifike. Nimeisoma barua mara tatu, nimekaa juu ya mifuko. Nyapara akauliza kama mifuko hiyo nimeitolea mahari.

Ijumaa, 22 Machi.

Kaka kapiga. Hakufoka, afadhali angefoka. Kauliza, mdogo wangu, unapinga nini hasa? Kasema Mama alikwenda mahakamani, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akishikilia kwamba mpingaji ni mtu mwingine mwenye jina kama langu. Walipomwonyesha barua akautambua mwandiko. Akasema haya, twende nyumbani.

Kisha Mama akachukua simu. Mahakama hakuigusia. Aliuliza kama nakula.

Kaka kasema dawa ipo: niandike mstari mmoja tu, naondoa pingamizi, na siku zitaendelea pale zilipoishia.

Jumamosi, 30 Machi.

Mstari nimeuandika. Nimekaa nao siku nane mfukoni mwa shati. Nikiutuma, narudi nyuma ya foleni pamoja na walionyamaza. Wakili kausoma, kaguna. Kasema pingamizi moja hupangiwa mwezi wa tisa; yakiwa mawili, lazima waone kuna dharura, wayasikilize mwezi wa nne. Hapo ana hoja. Nimeandika barua ya pili. Karani wa ghala kauliza safari hii napinga nini. Nimemwambia: ucheleweshaji. Kaituma saa nne asubuhi.

Nimempigia Mama, nikamwambia atandike kitanda changu. Nafika tarehe kumi na tano mwezi wa tano, jioni, na asihangaike kuja kunipokea.