Goti Rasmi la Kamati ya Malisho

Wananchi wote wa kitongoji chetu, kule ndani kidogo ya Kiabakari, wanajulishwa kwamba tangu masika ya mwaka huu tunalo goti rasmi. Vitongoji vingine havina. Huko ng'ombe wanakula nyasi kienyeji tu, kila mtu na goti lake.

Naeleza mimi Ghati, darasa la saba, Mtunza Goti. Cheo changu kimo kwenye muhtasari wa kikao, ukurasa wa pili.

Jambo lilianza na afisa mifugo kutoka Musoma, mama Yunis. Alikuja akatugawia eneo la malisho vipande vinne. "Nyasi zikifika magotini, ingizeni ng'ombe," alisema. "Zikibaki kiganja, wahamishieni kipande kingine. Msiache zikomae, zinakuwa vijiti, hazijengi nyama. Na jioni wapeni mashudu ya pamba na pumba kidogo." Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Sisi wa kawaida tulielewa. Kamati ya Malisho, ambayo ina wasomi, iliona hatari. Magotini kwa nani? Walikaa siku mbili. Azimio namba nne likasema goti litakalotumika ni la Mwenyekiti, ndugu Leodgar, kwa kuwa ndilo goti lenye mamlaka.

Ndugu Leodgar ni mrefu. Goti lake linanifika mimi karibu na katikati ya paja.

Utaratibu ukawa hivi: kila Alhamisi Mwenyekiti anasimama kwenye nyasi, katibu anachuchumaa, anachungulia, anaandika "Bado". Alhamisi mbili Mwenyekiti alikuwa Bunda kwenye semina ya malisho, na goti akaenda nalo. Nyasi zikangoja. Kipande cha kwanza zikatoa maua, zikakakamaa. Ng'ombe walisimama nje ya seng'enge wanaziangalia, kama watu wanaosubiri sahihi.

Mimi nina dume mmoja, Kidevu, mwaka na nusu, kidevu cheupe. Nilimlea toka ndama, mama yake alipokufa. Sasa azimio namba saba lilisema mnyama atakayepungua kifua siku ya kupimwa kwa utepe atatolewa kwenye mradi huu wa malisho, na nafasi yake atapewa mnyama wa mjumbe wa kamati. Na Kidevu mbavu zilishaanza kuhesabika.

Nikaenda kuomba mashudu. Magunia ya mradi yako stoo, ufunguo anao Mwenyekiti.

"Ghati mwanangu," akaniambia, "hiki kinaitwa chakula cha nyongeza. Unaongeza kwenye nini? Ng'ombe wako kala nyasi?"

"Hajala, mzee. Mmefunga."

"Basi. Huwezi kuongeza wakati hakuna kitu. Hiyo hesabu si mlisomaga darasa la pili?"

Nilimshukuru kwa ufafanuzi. Nyuma ya nyumba yake ng'ombe wake watatu walikuwa wanang'aa migongo, pumba zimewajaa midomoni. Hao hawakuwa kwenye mradi, kwa hiyo azimio halikuwagusa.

Kwenye kikao nilinyoosha mkono. Nikasema, Mwenyekiti akisafiri, goti libaki. Wajumbe waliona hoja ina mashiko. Akaitwa fundi Hamduni wa Kiabakari, akapima toka kisigino.

"Nivue kiatu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kaa nacho tu, mzee. Ofisi haitembei peku."

Likachongwa Goti la mti, likapakwa rangi, likagongwa muhuri. Nikapewa nilitunze, kwa sababu kila wakipita walikuwa wananikuta nimesimama naangalia nyasi.

Nililichomeka ardhini vidole vinne. Mvua ikanyesha, likainama. Kesho yake nikapata barua: "Kuinama kwa Goti kunamdhalilisha Mwenyekiti. Lichomekwe imara." Barua haikutaja kina. Mimi wa darasa la saba natii barua ilivyoandikwa. Nikachimba shubiri nzima, nikashindilia kwa mawe. Nikasimama pembeni yake. Usawa wa goti langu kabisa.

Alhamisi katibu akachungulia kipande cha pili, nyasi bado laini. Akachungulia tena. Akaandika "Tayari". Kidevu aliingia wa kwanza. Jioni nikaenda kwa Mwenyekiti na debe pamoja na nakala ya muhtasari, nikamwambia: sasa Kidevu kalala na nyasi tumboni, pa kuongezea pamepatikana. Aliusoma mara mbili, akatoa ufunguo.

Miezi mitatu tulihamisha ng'ombe kipande hadi kipande. Siku ya kupima, mama Yunis alikuja mwenyewe na utepe. Kifua cha Kidevu kilikuwa kimeongezeka shubiri na kitu. Mbavu huzioni.

Mwenyekiti, amevaa suti, akaenda kusimama karibu na Goti lake apigwe picha. Likamfika kwenye muundi.

Jirani yangu Tereza ndiye alisema, "Kumbe mzee naye kakua. Nani alikuwa anampa mashudu?"

"Goti rasmi ni lipi?" mama Yunis aliuliza.

Katibu akafungua muhtasari. Lenye muhuri.

Mwenyekiti aliniangalia. Niliangalia chini, kwa heshima. Akisema la mti limekosea, basi ng'ombe wote wamekula nyasi kinyume na azimio, na ripoti ya kumsifu ilishafika Musoma.

Akakohoa. "Goti liko sahihi. Mimi ndiye nimesimama vibaya." Halafu, taratibu, "Leteni jembe."

Likachimbwa shimo. Mwenyekiti akaingia na viatu vyake, maji kidogo chini, mpaka goti lake na la mti yakalingana. Kidevu akasogezwa. Kwenye picha mgongo wake unamkaribia Mwenyekiti kifuani, na nasikia Musoma wanauliza tumemlisha nini.

Mama Yunis alipoondoka, Mwenyekiti alininyooshea mkono nimvute.

"Ngoja kidogo, mzee," nikamwambia. "Kulihamisha goti lazima kikao. Alhamisi tunakaa."