Gari la Yona Limepinduka

Ndugu zangu, leo nimejivunjia heshima mbele ya mtaa mzima. Nawaandikia nikiwa bado intaneti kafe, nimejibanza kona, maana kutoka nje naona aibu.

Mnamjua mdogo wangu Yona, anayesoma Marekani. Chuo chao kimetengeneza gari linalojiendesha lenyewe, na leo lilikuwa linashindana na mengine jangwani. Mama aliposikia, usingizi ukamkatika. Juzi kafunga safari kutoka Zuzu kuja kwangu mjini. "Mwanangu atapandaje gari lisilo na dereva?" Nikamweleza asubuhi, nikamweleza jioni: Mama, ndani hamna mtu, Yona anakaa pembeni anaangalia tu. Nikamwapia kabisa. (Mtaalamu mimi. Hata baiskeli sina.)

Jioni hii tukaja kafe. Mama akabaki kibarazani na Mama Asha, jirani yetu anayekaanga vitumbua pale nje. Mimi ndani, kwenye kompyuta, natafuta gari la Yona. Picha ikawa inafunguka kidogokidogo kuanzia juu. Mawingu. Mlima. Kisha matairi.

Nikajiuliza, matairi yanafanya nini huko juu?

Hapo akili ikaniruka. Nikapiga yowe, "Yona, mdogo wangu, umeniacha na nani!" Nikaenda chini mimi na kiti.

Watu wa huku mnawajua. Mtu akilia hivyo huulizi, unakimbilia. Mama Asha akaacha vitumbua vinaungua, akajifunga kanga kiunoni. Mkeka ukatandikwa nje. Mama akakalishwa, akina mama wakamzunguka, wanalia naye. Mmoja akaleta kuni, mwingine akaenda kuulizia turubai. Mimi nikaegemezwa ukutani, kamasi mpaka kidevuni.

Akaja mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee wa watu, kofia mkononi.

"Pole sana, mwanangu. Imekuwaje?"

"Gari limepinduka, mzee."

"Lo. Na dereva?"

"Halina dereva."

"Abiria?"

"Halipakii abiria."

Akaigeuzageuza kofia yake. "Sasa aliyefariki ni nani?"

Hata waliokuwa wanalia wakanyamaza wasikie jibu. (Na mimi nikawa nalisubiri.)

Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanitazama. "Si wewe uliyeniapia kwamba ndani hamna mtu? Mimi nilikuwa nimeshakuamini."

Nikarudi kwenye kompyuta, kichwa chini. Barua ya Yona ilikuwa imeingia. Yuko mzima. Gari limegonga jiwe, kazi yao yote imelala mchangani, naye amelia mbele ya wenzake kama mtoto. Nikatoka nikamsomea Mama. Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwambie gari lake tumeshalililia huku," akasema. "Yeye ale."

Zile kuni hazikurudi zilikotoka. Mama Asha kabandika chai, waombolezaji wote wamekaa mkekani wanakunywa, na wananiita nitoke. Nampenda sana huyu mtoto, ndiyo maana niliona maiti mahali pasipo na mtu. Kwa hiyo nawaomba msicheke. Isipokuwa wewe Yona, najua na wewe unazipata barua hizi: cheka, mdogo wangu, maana leo hujacheka.