Komunyo ya Carmel, Kinywa Changu

Siku ya tano, tarehe 31 Mei

Nimepata kazi! Mimi, Noël, mupiga picha wa kulipwa. Mama Brigitte wa butiki alifika asubui, akasema binti yake Carmel atapokea komunyo ya kwanza siku ya yenga, kesho kutwa. Padri hakufika hapa Kashebere tangu mwaka jana, sababu ya barabara. Atarudi lini tena, hakuna anayejua. Mama Brigitte anataka picha moja tu: Carmel anafungua kinywa, padri anamuwekea hostia. Ni ya Koko Adelaïde, mama muzazi wa Mama Brigitte, kule Kalembe. Yeye njo alimufundisha mutoto sala zote. Sasa miguu yake haitembei. Hawezi kufika, basi picha imufikie.

Malipo: jogoo mumoja na besani ya maharage, mbele ya kazi. Nilimwambia kwamba Goma nilipiga komunyo nyingi. Sikupiga hata moja. Goma nilipiga picha za pasipoti, siku tatu, kiisha bosi akanifukuza.

Josiane, mama wa mutoto wangu, aliuliza kama wataniacha nikaribie altare. Nikamwambia muntu wa kamera haulizwi. Maharage yalikuwa kwa moto saa sita.

Siku ya posho, tarehe 1 Juni

Shida kidogo. Katekista Marcellin ametangaza kwamba wapiga picha wote watabaki kwa mulango, karibu na ngoma. Kosa ni la Déo wa studio. Safari iliyopita alipanda mupaka kwa altare, akamuomba padri arudilie baraka kwa sababu flash haikuwaka. Déo anakosa, mimi naazibiwa. Toka kwa mulango, Carmel ataonekana kama punje ya mahindi.

Nikamwendea Marcellin na heshima yote. Nikamwita Papa. Nikamueleza mambo ya mwangaza. Akanisikiliza mupaka mwisho, akasema wenye kumusogelea padri ni wenye kukomunika tu.

Njo hapo akili ikanijia. Nitaingia kwa mustari, kamera chini ya koti. Carmel ni murefu kupita wenzake, atakuwa wa mwisho, na mimi nyuma yake. Napiga, kiisha nageuka pembeni mbele zamu yangu haijafika. Nani ataona?

Siku ya yenga, tarehe 2 Juni

Haya imenijaa. Niandike mbio, nilale.

Watoto kumi na wane, nguo nyeupe, kanisa limejaa mupaka inje. Mustari ukaanza, nikajipenyeza nyuma ya Carmel. Pale njo nikafahamu kwamba muntu akisimama nyuma ya mwingine anaona mugongo. Jambo hilo sikulifikiri jana. Nikasogea pembeni yake, hatua moja mbele, kamera kifuani.

Padri ni muzee, macho yake yamechoka. Aliona muntu mbele yake. Akainua hostia, akasema: Mwili wa Kristu.

Ningetikisa kichwa. Ningeinama nipate baraka tu. Lakini kinywa kikasema Amina, kikafunguka chenyewe. Nikapokea.

Na kijiji kizima kinajua: mimi na Josiane tunaishi pamoja miaka ine bila ndoa ya kanisa. Wenye kuishi vile hawakomuniki. Hata watoto wa katekismu wanajua, Marcellin anawauliza hilo kwa mutihani. Waimbaji wa mustari wa mbele wakanyamaza. Wa nyuma, wenye hawakuona, wakaendelea peke yao.

Na picha? Nilipopokea nilifunga macho, nikaunganisha mikono, nikainamisha kichwa. Ni mazoea ya tangu utoto. Nilipofungua macho, Carmel alikuwa amekwisha kupokea, anarudi kwa kiti. Hatua moja tu kati yetu! Wakati wa kuunganisha mikono kidole kiligusa kamera, basi nina picha moja ya komunyo: viatu vya padri. Vinaonekana vizuri sana.

Josiane alitembea mbele yangu mupaka nyumbani bila kugeuka.

Siku ya kwanza, tarehe 3 Juni

Mama Brigitte ametuma kuuliza picha. Nikajibu inasafishwa. Déo akapita kwa butiki yake, akamueleza kwamba kamera za siku hizi hazina kusafisha. Huyo muntu hana kazi?

Nina mupango mwingine. Kwa picha ataonekana Carmel, kinywa, na mukono wa padri. Mukono ninao. Nilizungusha shuka nyeupe kwa mukono wa kushoto, kamera kwa wa kuume, nikanunua biskuti ya muviringo. Saa kumi nikaenda kwao, wakati mama yake iko butiki. Nikamuomba Carmel avae tena ile nguo.

Akavaa. Akaangalia mukono wangu. Akasema hii ni biskuti. Nikakubali, lakini kwa picha haitaonekana. Akauliza kama Koko atajua kwamba ni biskuti. Nikasema hapana, hawezi kujua. Akasema basi tutakuwa tumemudanganya Koko, tena juu ya Yezu. Miaka kumi, huyu mutoto! Nikamuomba afungue kidogo tu. Akafunika kinywa na mikono miwili.

Mama Brigitte akaingia. Nilikuwa nimepiga magoti, shuka ya kitanda kwa mukono, biskuti kwa vidole. Hakupaza sauti. Alichukua biskuti, akaiweka juu ya meza, akauliza ni siku gani nitaenda Kalembe kumueleza mama yake mimi mwenyewe. Afazali angenipiga.

Siku ya tatu, tarehe 5 Juni

Nimetoka Kalembe. Njiani nilikuwa nimetengeneza hadisi ya mvua iliyoingia ndani ya kamera. Hadisi nzuri, ina daraja na pikipiki.

Koko Adelaïde alikuwa amelala kitandani, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amejifunga kitambaa kwa kupokea ile picha. Hadisi ikapotea. Nikamwambia yote: mustari, Amina, viatu, na biskuti pia.

Hakukasirika. Akasema nimusimulie basi. Carmel aliunganisha mikono namna alimufundisha? Alifunga macho? Alisema Amina kwa nguvu ao polepole?

Nikamwambia sijui, macho yangu yalikuwa yamefungwa. Kiisha akasema: kumbe, hata mwenye miguu hakuona. Akageukia ukuta.

Nilimuachia yule jogoo wa malipo. Maharage tulishakula. Nililia njia yote, na sioni haya kuandika hilo. Haya yangu imekwisha kutumika kwa mambo mengine.

Siku ya posho, tarehe 8 Juni

Marcellin anasema nitaungama siku padri atarudi. Josiane anasema dawa ni moja, tufunge ndoa. Nimemwambia tutafikiri, wiki hii nina kazi.

Ndiyo, kazi! Papa Faustin wa Bihambwe, habari zangu hazijamufikia, anabatizisha mapacha wake na anataka picha karibu kabisa, maji yakimwagika. Kule pia wapiga picha wanabaki kwa mulango. Lakini nimeuliza vizuri: pacha wa pili hana baba wa ubatizo. Baba wa ubatizo anasimama palepale kwa maji, hakuna wa kumufukuza. Nimekubali kuwa baba yake.

Josiane ameuliza kama baba wa ubatizo haulizwi juu ya ndoa yake. Nimemwambia kule hawanijui. Ameuliza tena nitamubeba mutoto namna gani na kamera. Mutoto ni mudogo, mukono mumoja utatosha.